Dumu la Bluu

Kambi ya Nkwabi, Geita
3 Machi 2024

Mpendwa Mama Wema,

Nimefika salama, mgongo tu ndio unaolalamika. Usihangaike kupiga simu. Nkwabi, mwenye maduara haya, mashimo ya dhahabu tunayochimba, anakusanya simu zetu zote getini na kuzifungia kwenye sanduku. Anaogopa tukipata mawe mazuri habari zitavuja, halafu nusu ya Kahama ihamie hapa na sururu zake. Kwa hiyo tumerudi kwenye zama za kalamu, na wewe mwalimu utapata raha ya kunisahihisha kwa wino mwekundu. Barua mpe Ndaki, dereva wa lile fuso linaloleta magogo. Kwenye nguzo ya mdomo wa duara letu nimepigilia kopo la maziwa lenye jina langu. Ataitumbukiza humo, na zangu atazichukua humo humo.

Sasa tuje kwa wanangu. Najua unawaita “vitu vyako vile”. Wanaitwa matumbawe uyoga, na ni wanyama, ndiyo maana nasema “hawa”. Yule Mfilipino wa maabara alinikabidhi watatu siku mgodi wa Buzwagi ulipofungwa na sote tukarudi makwetu. Leo ni tisa. Wakifa sina pa kuwapata tena, na yeye mwenyewe sina hata anwani yake.

Hawapendi mwanga mkali, ile taa ndogo inatosha. Hawapendi maji ya kasi, kwa hiyo usiguse pampu. Usiingize mkono ukiwa umetoka kufua. Jumamosi mpe kila mmoja kipande cha dagaa kisichozidi punje ya mchele, umuwekee katikati. Na ukikuta mmoja amehama, usipige kelele. Wana mguu mmoja, wanatembea polepole. Akichukia mahali anaachia jiwe na kwenda zake.

La muhimu kuliko yote ni maji. Kile kipima chumvi nilikivunja, kwa hiyo nimekurahisishia kazi kwa madumu mawili. La bluu ni la kuongeza kila asubuhi, mpaka maji yafike kwenye mstari niliouchora kwenye kioo. Jeupe ni la kubadilishia Jumapili. Usichanganye hata kwa bahati mbaya.

Msalimie mama yetu kwa Kisukuma chake, mwambie mayu, mwangaluka. Nitarudi mvua zikikatika, na nikute tisa.

Kaka yako,
Deusdedit

---

Ngokolo, Shinyanga
10 Machi 2024

Kaka,

Shikamoo. Barua nimeisoma kwa wino mwekundu mkononi na sikupata kosa, jambo lililoniudhi.

Wanao wazima wote tisa. Wema anawahesabu kabla ya kwenda shule na akirudi anawahesabu tena. Yule mkubwa wa zambarau ameshahama mara moja, sasa yuko katikati ya tangi kwenye jiwe refu. Nilipiga kelele, nisamehe.

Mayu ndiye ana shida nao. Wakati unaondoka walikuwa bado wamefumba, sasa wamekunjuka, na yeye anasema wana sura ya masikio. Kuanzia juzi akiwa na jambo la siri ananiita jikoni. Nimemwambia ni wanyama wa baharini tu, akaniuliza sasa wametoka baharini kote huko kuja kusikiliza nini Ngokolo.

Swali langu ni hili. Kwa joto hili maji yanashuka kidole kizima kwa siku, na dumu la bluu limebaki robo. Nilijaze nini? Nilitaka kuonja nijue, Wema akanikataza. Nijibu mapema.

Mdogo wako,
Euphrasia

---

Kambi ya Nkwabi, Geita
20 Machi 2024

Dada Euphrasia,

Shikamoo dada. Natumaini hujambo na mama hajambo. Mimi sijambo, ila nimeumia mkono wa kulia kazini, siyo sana. Kwa hiyo hii barua anaiandika rafiki yangu Chacha Marwa, tunalala banda moja. Mimi nasema, yeye anaandika.

Kuhusu dumu la bluu, jaza maji ya chumvi. Wale ni wanyama wa bahari na bahari ni chumvi. Koroga chumvi humo mpaka yawe kama ya bahari.

Usiwe na wasiwasi na mkono. Mama asiambiwe, presha yake itapanda.

Wako,
Deusdedit

---

Ngokolo, Shinyanga
31 Machi 2024

Kaka,

Shikamoo. Pasaka njema, na pole sana na mkono. Mwambie Chacha namshukuru, lakini asiniamkie kwa jina lako. Kaka mkubwa kunipa shikamoo mimi! Nilicheka peke yangu kama chizi.

Baada ya hapo sijacheka tena. Tangu nianze kujaza maji ya chumvi kama ulivyosema, wanao wanajikunja. Siku ya kwanza niliona ni baridi ya mvua. Wiki ya pili wamekuwa vifungo vya shati. Wanane bado wameshika mawe yao. Yule mkubwa ameachia. Alhamisi Kuu asubuhi nilikuta jiwe lake liko tupu, limebaki na kiraka kidogo tu cha zambarau, kama unyayo. Nimetafuta na tochi, Wema ametafuta na kioo cha kupakia poda. Hayumo. Kwenye tangi lenye mfuniko, kaka, kitu cha ukubwa wa sahani ya chai kimepotea.

Na mayu amegeuza kiti chake. Siku hizi anakaa akiwa ameliangalia tangi. Jana nilimuuliza vipi, si ulikuwa unawaogopa? Akasema, “Wameacha kusikiliza. Sasa wanasema.” Nilipomuuliza wanasema nini alinijibu kwa Kisukuma kwamba wanasema huko kuna baridi.

Ninaogopa, nakwambia wazi. Naogopa kukukutanisha na mawe matupu. Nifanye nini? Jibu kwa mdomo wa Chacha au wa yeyote, ila jibu.

Euphrasia

---

4 Aprili 2024

Mama Wema,

Nani alikwambia maji ya chumvi? Tangu lini?

Sikiliza vizuri, mwalimu. Joto linachukua maji tu, chumvi haiendi popote. Inabaki tangini. Ukiongeza ya chumvi kila siku unawakausha taratibu kama ng'onda. Dumu la bluu ni maji matamu, yale ya kuchujwa. Toa jagi moja la maji ya tangi, weka jagi moja la maji matamu, mara moja kwa siku, siku kumi. Usishushe chumvi kwa ghafla, utawaua kwa huruma yako. Baada ya hapo, bluu ni matamu tu, milele.

Mkubwa hajafa. Angalia nyuma ya lile jiwe bapa, chini kabisa, upande ambao maji hayatembei. Wakizidiwa huenda kukaa mahali pa namna hiyo. Amejikunja. Usimvute, mguu wake utachanika. Ondoa jiwe kwanza, yeye mwache aachie mwenyewe.

Nami nimepata mahali pangu pa kupumzika huku chini, kwenye matimba, zile nguzo za magogo zinazoshikilia duara. Kuna kauwazi nyuma ya matimba ya pili, mkono wa kushoto. Mtu anaweza kukaa akaegemea. Kumetulia, hata kelele za karasha, ile mashine ya kusaga mawe, hazifiki. Mwanga ndio hakuna, kwa hiyo ukiona mistari imepanda na kushuka usinipunguzie alama.

Kiraka alichoacha kwenye jiwe usikikwangue.

Kaka yako,
Deusdedit

---

Ngokolo, Shinyanga
9 Aprili 2024

Kaka, kaka!

Mkono umepona! Nilipoona ile D yako yenye mkia nilipiga kigelegele, jirani akaja akidhani kuna posa.

Na tumempata. Nyuma ya jiwe bapa, chini, palepale. Amejikunja kama ngumi ya mtoto. Niliondoa jiwe nikakaa kusubiri. Leo ameanza kufunguka ukingo. Wenzake nao wanalegea, na mimi nahangaika na majagi yangu kama ulivyoagiza. Umejuaje alipo ukiwa Geita? Au ndio kawaida yao?

Mambo mawili tu. Kwanza, barua yako ilifika na unyevu, na Ndaki anaapa haikunyeshewa. Nimeianika kwenye kamba, bado inanuka udongo. Pili, umeniuliza nani aliniambia maji ya chumvi. Ni wewe, kaka, kwa mkono wa Chacha. Umesahau, au alisikia vibaya?

Hicho kiuwazi chako usikizoee. Mahali pa kupumzika ni nyumbani.

Mdogo wako,
Euphrasia

---

Kambi ya Nkwabi, Geita
8 Aprili 2024

Dada Euphrasia,

Habari za siku nyingi. Samahani kwa kimya, mwezi huu sijakuandikia hata mara moja. Mkono bado haujapona, hata kijiko kinanishinda, kwa hiyo Chacha anaendelea kuniandikia. Nawe naona umenyamaza, Pasaka imepita bila barua yako. Natumaini siyo ugonjwa.

Kuhusu wale wanyama, endelea na maji ya chumvi kama nilivyosema.

Likizo yangu imesogezwa mbele. Msinitegemee hivi karibuni.

Wako,
Deusdedit

---

Ngokolo, Shinyanga
13 Aprili 2024

Chacha Marwa,

Barua hii nimemwambia Ndaki akupe mkononi, asiitumbukize kwenye kopo.

Mbele yangu kuna barua mbili zimepishana siku nne. Moja, ya tarehe nne, imeandikwa na mkono wa kaka yangu ninaoujua tangu alipokuwa ananichorea herufi mchangani. Nyingine, ya tarehe nane, inasema mkono huo haushiki hata kijiko. Moja inajua maji. Nyingine inaniambia tena niue wanyama ambao Deus anawaita “wanangu”. Mtu aliyewalea miaka mitatu hawezi kukosea dumu la bluu, Chacha, hata akiwa na homa, hata akiwa amelewa. Kosa hilo ni la mtu ambaye hajawahi kuliona tangi.

Mimi ni mwalimu. Nimeshaona barua nyingi za wazazi zilizoandikwa na watoto.

Sikutukani. Nakuuliza kama dada yako. Kaka yangu yuko wapi?

Euphrasia, Mama Wema

---

Kambi ya Nkwabi, Geita
18 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Hii shikamoo ni yangu mwenyewe, na ile ya barua ya kwanza pia ilikuwa yangu.

Deus amefariki. Nimekaa siku tatu kuandika neno hilo.

Duara lilititia tarehe 15 Machi mchana, baada ya mvua ya siku tatu. Zamu ilikuwa yangu. Niliharisha usiku kucha, na asubuhi akaniambia lala mdogo wangu, nashuka mimi. Tulichimba siku nne. Maji yakaja, kifusi kikashuka tena, Nkwabi akasema basi. Akazungushia duara miba, akatuambia atakayefungua mdomo naye atafukiwa. Ndaki akaambiwa Deus kahamishiwa duara jingine.

Barua yako ya tarehe 10 ilichelewa, fuso lilikwama kwenye tope. Ilipofika miba ilikuwa bado inafungwa, Ndaki hakuweza kulifikia kopo, akanipa mimi mkononi. Nikaifungua ili nikuandikie ukweli. Nikaona umeuliza kuhusu dumu la bluu. Nikasema nijibu hilo kwanza, ukweli utafuata. Chumvi nilikisia tu. Nisamehe kwa chumvi, na nisamehe kwa yote. Mtu aliyelala ndani kwa sababu yangu, nikamwandikia barua kama vile bado anakula.

Sasa lazima nikwambie jambo jingine. Nimekuandikia mara mbili tu, tarehe 20 Machi na tarehe 8 Aprili. Hiyo ya tarehe nne siijui. Naapa kwa mama yangu aliyeko Tarime. Barua yako ya Pasaka sijaiona. Nimemuuliza Ndaki, anasema ya Pasaka na nyingine iliyofuata alizitumbukiza kwenye kopo la Deus kama kawaida, akidhani anakuja kuzichukua, maana nguzo bado imesimama kule ndani ya miba. Anasema ile ya tarehe nne aliitoa humo humo. Nimekwenda kuangalia. Kopo ni tupu, na chini lina tope.

Inasema nini, dada?

Chacha

---

Ngokolo, Shinyanga
21 Aprili 2024

Chacha,

Nimeisoma barua yako nimesimama, na nikaendelea kusimama mpaka Wema akaniletea kiti. Nimelia, nitalia tena. Nilitaka kukuchukia ila sina nguvu ya kufanya yote mawili. Alikuambia ulale kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Hata mimi alinibebea maji mpaka naolewa.

Mayu nilimwambia taratibu, nimeshika kifaa cha presha. Akanitazama akasema alijua tangu siku walipoanza kusema. Jambo moja tu ameomba, mwanawe aje alale nyumbani, kando ya baba yake. Hawezi kuachwa kwenye shimo la mtu mwingine kama ng'ombe aliyetumbukia. Hilo ndilo ninalokuomba nami. Sitaki kitu kingine kutoka kwako wala kwa Nkwabi.

Umeuliza inasema nini. Inasema kuhusu majagi na mawe ya tangi. Halafu inasema hivi, nakunakilia neno kwa neno: “Kuna kauwazi nyuma ya matimba ya pili, mkono wa kushoto. Mtu anaweza kukaa akaegemea.”

Nilidhani ni mahali anapokunywa chai. Mlichimba wapi, Chacha? Nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji, nendeni polisi, semeni dada yake ametaja mahali. Wakikuuliza nimejuaje, waonyeshe barua hii na waje waniulize mimi.

Na mkimfikia, msimvute. Ondoeni mawe kwanza.

Euphrasia

---

Geita
29 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Tumempata.

Mwenyekiti alikuja na polisi wawili, na Nkwabi alikuwa ameshaondoka tangu alfajiri. Tuliingia watu kumi na mbili kwa zamu, tukaweka magogo mapya. Mwanzo tulichimba kulia, ndiko alikokuwa anafanya kazi siku ile. Safari hii tulikwenda kushoto. Nyuma ya matimba ya pili palikuwa na mwamba bapa umesimama kama mlango. Kati yetu hakuna aliyejua kuna kitu nyuma yake. Tuliondoa mawe kwa mikono.

Alikuwa amekaa, amejikunja, ameegemea ukuta. Sitakuandikia zaidi ya hapo, ila uso wake ulikuwa umetulia na mama anaweza kumwona. Maji yalikuwa yanamfika magotini na hayakuwa yanatembea.

Dada, nilikuwa wa kwanza kumshika, kwa hiyo mfuko wa shati niliufungua mimi. Kulikuwa na kalamu. Kulikuwa na barua zako mbili, ya Pasaka na ya tarehe tisa Aprili. Zilikuwa zimefunguliwa na kukunjwa mara nne. Kavu kabisa. Duara lilititia tarehe 15 Machi na toka hapo hakuingia hata panya. Polisi mmoja alizisoma tarehe, akanirudishia, akasema hataandika hilo kwenye taarifa yake.

Ndaki analeta jeneza Alhamisi, na mimi nitakuwa nyuma ya fuso pamoja naye. Kama hutaki nishuke, nitabaki ndani ya gari.

Chacha

---

Ngokolo, Shinyanga
19 Mei 2024

Kaka,

Shikamoo.

Tulikuzika kando ya baba. Chacha alishuka, mayu mwenyewe alikwenda kumtoa garini, na Chacha alishika koleo tangu mwanzo mpaka mwisho bila kumpisha mtu. Nywele tulinyoa wote. Wema alinyoa pia na sasa anajishika kichwa kila saa.

Wanao wote wamefunguka. Mkubwa amepanda nusu ya jiwe bapa, zambarau yake imerudi. Na kile kiraka ulichonikataza kukwangua kimeota. Asubuhi ya leo kilikuwa na ukingo na mdomo, kama kifungo kidogo. Kwa hiyo siyo tisa, kaka. Ni kumi. Nimemwambia Wema, akasema huyu anaitwa Deus, na mayu hakukataa.

Mayu amerudisha kiti chake pale kilipokuwa. Anasema wamenyamaza.

Lakini nina neno moja. Tangu Jumatatu, kila nikiamka nakuta maji yamefika kwenye mstari. Sawasawa, hata tone halijazidi. Nimemuuliza mayu, nimemuuliza Wema, nimelipima dumu la bluu, na linapungua jagi moja kila siku bila mimi kuligusa. Sakafuni kunakuwa na tope kidogo. Nalifuta kabla hawajaamka.

Nimekuelewa. Unajaza mwenyewe kwa sababu huniamini tangu lile kosa la chumvi, na una haki. Ila sasa ninajua, nimejifunza kwa machozi. Joto linachukua maji tu, chumvi inabaki. Bluu ni matamu, milele. Sitakosea tena. Hiyo kazi niachie, ni yangu sasa, na wewe kaa na baba upumzike.

Nakupenda, kaka, na nyumba nzima inakulilia. Barua hii sikumpa Ndaki. Nimeiweka chini ya dumu, uisome halafu uiache hapohapo.

Usiijibu.

Mdogo wako,
Euphrasia